Tumepata maji bapa Ngomeni: tulivyotafuta uwanja wa mbio za ubao wa tanga, kutoka Mida mpaka Lamu

MLETA UZI

Salaam alaikum wanajukwaa, na habari zenu wote. Uzi huu niliuahidi tangu kusi inaanza, na kila nikikaa kuandika upepo unaniita. Leo umelala kidogo, nimekaa barazani na daftari langu, basi nianze.

Sisi ni wanne. Mimi na binamu yangu tumezaliwa Malindi. Wa tatu ni fundi wa mashua, mtu wa Matondoni, Lamu. Wa nne ni dada mmoja mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa mbio anatuzidi sote watatu. Tunapanda ubao wa tanga, yaani windsurfing. Si kishada, wala si ule mchezo wa kuruka mawimbini. Sisi tunataka mbio tupu: uwanja wa mita 500, unauingia kasi na kuutoka kasi, kisha unasoma GPS mkononi imeandika noti ngapi. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo mtu akikwambia amefika noti 30, ujue amepita kilomita 55 kwa saa akiwa amesimama juu ya kipande cha ubao kisicho na injini.

Wengi wakisikia hivyo hudhani jambo ni upepo tu. Ukivuma sana, unakwenda sana. Hata mimi niliamini hivyo kwa miaka mitatu, nikawa nautafuta upepo kila unapovuma, narudi nyumbani na magoti yanauma na namba zile zile. Upepo hapa petu upo. Kinachokosekana ni maji yaliyolala. Ubao ukienda noti 28 juu ya vijiwimbi vya shibiri moja, kila kijiwimbi ni teke la unyayo. Pezi la chini linanyonya hewa, linaachia maji, nyuma ya ubao inateleza kando, na wewe unatangulia mbele ya tanga lako mwenyewe. Mtu mwenye akili anapunguza mwendo kabla halijamkuta hilo.

Kule Lüderitz, Namibia, walifika mpaka kuchimba mfereji ufuoni wapate maji yasiyo na wimbi. Ndani ya mfereji huo mwaka 2015 Mfaransa Antoine Albeau alipita mita 500 kwa wastani wa noti 53.27, karibu kilomita 99 kwa saa. Piga hesabu: ni kama sekunde 18 tu. Kwangu mimi habari kubwa hapo ni ule mfereji. Watu wana upepo mkali namna ile, wetu hauufikii, na bado waliona kwamba bila maji bapa hawafiki popote.

Sisi hatutachimba. Ufuo wetu unalisha watu, na mimi binafsi nisingependa kuona mtambo unapasua mchanga wa Malindi kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo tulianza kutafuta mfereji ambao bahari imejichimbia yenyewe. Tumeutafuta misimu miwili. Nitaeleza tulipopita na kwa nini tulipaacha, kisha tulipopata.

MLETA UZI (inaendelea)

Kwanza nieleze tunatafuta nini hasa, maana bila hilo mtaona tunachagua sana.

Upepo ukipita juu ya maji unayakuna, na kadiri unavyopata uwanja mrefu ndivyo wimbi linavyokua. Ukiukamata upepo palepale unapotoka nchi kavu, haujapata nafasi ya kulea wimbi. Hapo, katika ukanda wa mita chache kutoka mchangani, maji huwa bapa hata kama upepo ni noti 25. Ndiyo maana mbio zote za ubao zinakimbiwa kando ya ukingo, upande wa demani, ukingo ukiwa baina yako na upepo.

Lakini ukingo wenyewe uwe mfupi. Mti hula upepo. Tuta refu hula upepo. Nyuma ya mikoko yenye kimo cha mita 8 unaweza kwenda mita 100 na zaidi kabla upepo haujarudi sawasawa, na ukiupata tena, wimbi nalo limeshaanza. Tunachotaka ni fungu la mchanga lililo tupu, lisilozidi kiuno cha mtu.

La mwisho ni mwelekeo, na hili ndilo lililotusumbua kuliko yote. Ubao wa tanga haukimbii sana upepo ukiwa ubavuni, wala ukiwa mgongoni kabisa. Mbio zake ziko katikati: unageuza pua kuelekea demani nyuzi 30 mpaka 40 kupita ubavu, upepo unakupiga nyuma ya bega. Kwa hiyo fungu lenyewe lazima lilale kwa pembe hiyo dhidi ya upepo wa msimu. Likilala vibaya kwa nyuzi 20 tu, ama unakimbia ukiwa umebanwa ubavuni, ama unajikuta unaliacha fungu na kuingia kwenye mawimbi.

Chukua kusi ya mchana ikitoka kusini-kusini-mashariki. Ukifanya hesabu, njia zako mbili za mbio ni magharibi, au kaskazini ukipinda mashariki kidogo. Nilichora mistari hiyo miwili juu ya karatasi ya plastiki, nikawa naiweka juu ya picha za setilaiti za pwani yote kutoka Watamu mpaka Kiwayu. Usiku mwingi umekwenda hivyo.

Mida tulikwenda kwanza kwa sababu ni karibu. Maji ya hori ni mazuri, lakini mikoko imezunguka kila upande na upepo unafika umechoka, unakuja kwa vipande. Tena ni hifadhi, na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwandamo, likipwa ndege wanateremka kwa maelfu kula kwenye tope. Tuliondoka bila hata kushusha mbao.

Ghuba ya Malindi yenyewe tumekulia. Kusi inaleta wimbi, na wakati wa mvua za mwaka mto Sabaki unamwaga maji mekundu mpaka huoni mkono wako. Mambrui ni kuzuri kwa kishada kaskazi ikivuma, vijana wa kule wanakijua vizuri, ila upepo unakuja sambamba na ufuo, umeshapita maji mengi, na wimbi linakuja nao.

Mashamba ya chumvi ya Gongoni yalitutoa mate, sitaficha. Ukiyatazama kutoka barabarani ni vioo vilivyopangwa, kimoja baada ya kingine, na kuta fupi za udongo baina yake. Lakini yana wenyewe, watu wako kazini, na maji mengine hayafiki goti. Pezi letu ni shibiri moja na nusu. Ukianguka kwa noti 30 kwenye maji ya goti, juu ya udongo mgumu uliokaushwa na jua, huamki vile ulivyolala. Tulipaacha.

MWANA WA SHELA

Mkuu, uzi mzuri lakini mbona Lamu unaipita juu juu? Mlango wetu wa Shela upepo upo, mchanga upo, na fundi wako ni mtu wa huku. Au mliona uvivu kuvuka Mokowe?

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Shela, Lamu tumekwenda mara tatu, na safari ya pili tulikaa siku tisa. Nilikuwa nimeiwekea sehemu yake, sasa umeniharakisha.

Tulifikia kwa mamake fundi, Matondoni, mbao tukazilaza juu ya magogo ya mikoko uani pake. Kila asubuhi tulikuwa tunaondoka na mashua. Mlango baina ya Shela na Manda tuliujaribu siku ya kwanza. Upepo ulikuwa noti 20 na zaidi, safi kabisa, unaingia moja kwa moja kutoka bahari kuu. Tatizo ni mkondo. Maji yakipwa yanatoka mlangoni na kukutana uso kwa uso na kusi inayoingia, na hapo yanasimama: mawimbi mafupi, makali, yamekaribiana kama ngazi. Maji yakijaa yanalala kidogo kwa sababu yanakwenda pamoja na upepo, lakini ndio wakati mashua zote za watu ziko njiani, za uwanja wa ndege wa Manda, za Shela, za mji. Mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa hana haki ya kukimbia mbele ya mashua iliyobeba mama na watoto. Tulikubaliana hilo sote bila ubishi.

Upande wa Ras Kitau tuliona kipande cha mchanga kilicholala vizuri sana. Tulikipima kwa kamba: mita 190. Kwa mbio za sekunde 2, yaani kasi ya juu kabisa inayopimwa kwa sekunde 2 tu, kingetosha. Kwa mita 500, hapana.

Mkanda na njia ya Kipungani, mikoko tu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na huko ndani unaiamini hesabu hiyo kwa macho. Fundi alisema neno moja tukiwa pale, kwamba hii miti ndiyo inayofanya Matondoni iwe na kazi, huwezi kuikasirikia kwa kuzuia upepo. Na kweli.

Kizingoni ndiko kulikokaribia. Kule ncha ya kisiwa kuna mafungu yanayotoka maji yakipwa, marefu, mazuri. Mwalimu alipanda mbio mbili akarudi anatabasamu. Lakini wimbi la bahari kuu linapinda na kuingia kwa nyuma, kwa hiyo maji yanayoonekana bapa yanapanda na kushuka polepole chini yako, kama mtu anayepumua. Ukiwa na mwendo mdogo huhisi. Ukifika noti 27 ubao unaanza kuelea hewani kwenye kila mgongo wa wimbi.

Sijaifuta Lamu. Mafungu huhama, na wewe uliye Shela unaona kila siku kinachotoka na kinachozama. Ukiona fungu lisilopungua mita 500, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, maji ya demani yakiwa ya mapajani, niandikie na tutakuja na mbao usiku huo huo.

MLETA UZI (Ngomeni)

Sasa nifike kwenye penyewe.

Ngomeni ni kama kilomita 30 kaskazini ya Malindi. Wengi wanaijua kwa habari za roketi. Pale baharini yamesimama majukwaa ya chuma ya San Marco, ya Wataliano, na kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo ni sikukuu yetu. Mimi nilikuwa nimepita huko mara nyingi kununua samaki na sikuwahi kuangalia ramani yake vizuri. Siku niliyoiweka ile plastiki yangu juu ya Ras Ngomeni, mstari wa mbio na mstari wa ardhi ulilaliana. Rasi inatoka kuelekea kaskazini-mashariki na kuikinga ghuba ya Ungwana na bahari kuu. Kusi inapita juu ya nchi kwanza, kisha inaingia kwenye maji ya ndani. Niliamka nikampigia binamu yangu saa saba usiku.

Tulikwenda kesho yake, na hatukuona kitu. Maji yalikuwa yamejaa, ya kahawia, yamefika mpaka kwenye majani. Hakuna fungu. Mwalimu akasema tusirudi kabla ya kuuliza, na hiyo ndiyo kauli iliyotuokolea msimu.

Pale wanapopandisha vyombo tulimkuta mzee mmoja Mbajuni anashona wavu wa jarife. Tukamwamkia, shikamoo ami, akatuitikia, tukakaa. Hakutuuliza habari ya upepo hata kidogo. Alitazama ubao wangu akauliza, "Huu unakula maji kiasi gani?" Nikamgeuzia, nikamwonyesha pezi. Akaliwekea kiganja, akapima: shibiri na nusu, na vidole viwili. Akafikiri. Kisha akasema, "Kuna fungu. Lakini leo ni mwezi kumi na tatu, mwanangu, mtalitafuta bure. Njooni mwezi kumi na nane, adhuhuri muwe mmeshafika."

Mzee alikuwa anahesabu siku tangu mwandamo. Nilipofika nyumbani nilichukua jedwali la maji kujaa na kupwa na jedwali la mwezi nikaelewa alichokisema, na hapa nawaomba msome polepole kwa sababu ndiyo siri yote.

Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa sana saa nne au saa tano asubuhi, kisha yanajaa mpaka saa kumi jioni. Tofauti ya kina inaweza kupita mita 3. Kwa hiyo bamvua lenyewe, ambalo kila mtu angelichagua kwa sababu mafungu yote yanatoka, kwetu halifai: fungu liko wazi asubuhi, kusi haijakomaa, na kusi ikikomaa mchana fungu limeshazama. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua mbili, nayo hayafai kwa sababu hayapwi vya kutosha na fungu halitoki kabisa. Lakini kila siku maji yanachelewa, dakika 40, dakika 50. Siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, kupwa kumesogea mpaka saa sita na nusu, saa saba, saa nane kasoro, na bado ni bamvua la kutosha kulitoa fungu. Hapo ndipo maji madogo na upepo mkubwa vinapokutana kwa wakati mmoja. Mwezi kumi na nane, kumi na tisa. Na tena mwezi tatu, mwezi nne, baada ya mwandamo. Yaani ni siku chache tu kwa mwezi, na ndani ya kila siku hizo ni muda wa saa mbili na nusu hivi.

Sisi misimu miwili tulikuwa tunatazama utabiri wa upepo kwenye simu. Mzee aliangalia urefu wa pezi na tarehe ya mwezi.

MLETA UZI (siku yenyewe)

Mwezi kumi na nane tulifika saa tano. Maji yalikuwa bado yanafunika. Tulifunga matanga kivulini, mita za mraba 6.6 mimi, binamu 7, mwalimu 5.8 kwa sababu ni mwepesi. Tukavuka kwa mashua ya mpwa wa yule mzee.

Saa sita fungu likaanza kuonekana. Kwanza maji yalibadilika rangi, kahawia ikawa kama chai ya maziwa, kisha ukatokea mstari mmoja mweupe, kisha mgongo. Ndani ya dakika 20 tulikuwa tumesimama juu ya mchanga mgumu wenye michirizi, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, na fungu linazidi kurefuka mbele yetu kila tukitazama.

Hatukupanda. Kwanza tulitembea. Maji ya ghuba ile hayaonyeshi chini, kwa hiyo tuliutembea uwanja wote, watu wanne kwa mstari, kila mmoja na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, tukiburura miguu ili samaki taa walio mchangani waondoke kabla hatujawakanyaga. Fundi alihesabu kina kwa sauti: magoti, mapaja, mapaja, kiuno, mapaja. Mita 340 kutoka mwanzo tulikuta kigogo cha mkoko kimezikwa, kimetoa mkono mmoja tu chini ya maji, na umevikwa chaza wenye makali ya wembe. Tulikifungia boya. Bila kutembea kile kigogo kingekata pezi la mtu, au mguu wa mtu. Mwisho wa uwanja majani ya bahari yanaanza, na hapo ni malisho ya kasa, basi tukaweka boya la pili: ukifika hapo unapunguza na kugeuza.

Kamba ilisema mita 560. Sitasahau sura ya fundi anavyoisoma.

Saa saba kipima upepo kilikuwa kinacheza kati ya noti 19 na 23. Mwalimu akaenda wa kwanza. Mimi nilibaki mchangani kumtazama, na nataka niwaeleze maji yalivyokuwa. Nilichuchumaa pale ukingoni. Upepo ulikuwa unapita juu ya fungu, unabeba mchanga mwembamba unaochoma vifundo vya miguu, na unapofika kwenye maji haukuyainua. Uliyakwaruza tu. Juu yake palikuwa na kitu kama ngozi ya embe bichi, vipele vidogo vidogo vinakimbia pamoja kwenda upande mmoja, havifiki unene wa kucha. Mita tatu, mita tano, mita kumi kutoka miguuni mwangu, vile vile. Kisha mwalimu akapita, karibu kiasi cha kunirushia maji, na kulikuwa hakuna ule mgongano wa ubao tuliouzoea. Palikuwa na sauti moja tu, kama mtu anapasua kitambaa kirefu bila kusita, na mstari mweupe mwembamba nyuma yake.

Alirudi akitembea juu ya fungu, ubao kichwani. Noti 31.8 kwa sekunde 2. Yeye namba yake ya maisha ilikuwa 28.

Nilipopanda mimi, niliingia uwanjani nikiwa na upepo ubavuni, nikasubiri upepo ushike, nikageuza pua kuyalenga majukwaa yale ya mbali baharini, kwa sababu mstari wetu unaelekea huko huko. Hayo ni ya kulenga kwa macho tu, hatuyasogelei. Nilipogeuza, tanga likawa jepesi mkononi badala ya kuwa zito. Wapanda ubao mtanielewa. Mwendo unazidi na mzigo unapungua, na kwa mara ya kwanza tangu nianze sikuwa natazama maji ya mbele kwa hofu. Nilikuwa natazama mbali. Noti 32.6, na wastani wa mita 500 noti 28.9. Kwa watu wa Lüderitz ni mwendo wa kupashia misuli joto. Kwangu ni noti nne juu ya kila nilichowahi kufanya, kwa upepo ule ule na tanga lile lile.

Saa tisa na robo bahari ilianza kurudi, ukingo ukawa laini, vijiwimbi vikaanza kuvuka juu ya mgongo wa fungu. Saa kumi hakukuwa na kitu, maji matupu, kama vile tumeota.

DADA WA KILIFI

Mashaallah kwa mwalimu. Naomba kuuliza, mimi nimejifunza mwaka mmoja, nasimama vizuri na kugeuza naweza. Je, kule ni pa mtu kama mimi? Na usalama ukoje, maana upepo unakusukuma nje.

MLETA UZI

Dada, swali la usalama ndilo nililotaka kumalizia nalo, na nitalijibu kwa kisa.

Safari ya pili, mwezi kumi na tisa, binamu yangu alikuwa anamaliza uwanja akasikia kishindo mguuni. Ule mpira wa kiungo, unaoshika mlingoti na ubao, ulikatika. Tanga likaenda huku, ubao kule. Upepo unatoka nchi kavu kwenda ghubani, maji nayo yanapwa kwenda huko huko. Kwa macho yetu alikuwa karibu, mita 200. Baada ya dakika kumi alikuwa doa. Ungwana ni ghuba kubwa, na kutoka pale kwenda mbele hakuna fungu jingine la kumshika mtu.

Alifanya mawili yaliyomwokoa. Hakuacha ubao, na hakujaribu kuogelea kurudi. Alilala juu yake, akalishika tanga majini liwe kama nanga ya kupunguza mwendo, akainua mkono. Mashua ilikuwa tayari, na mpwa wa mzee alikuwa ndani yake, si mchangani akinywa chai. Alimfikia kwa robo saa. Nimeukagua ule mpira baadaye: ufa wake ulikuwa ndani ya mkunjo, mahali ambapo huoni mpaka uukunje kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo tunaukunja kila asubuhi, na kila mmoja ana kamba fupi ya pili inayounganisha mlingoti na ubao, ili vikiachana visipotezane.

Kwa hiyo jibu langu: njoo, lakini si kwa kukimbia peke yako. Hatupandi mtu hata mmoja bila mashua yenye injini majini na nahodha ndani. Jaketi la kuelea, kofia ngumu, filimbi. Ubao wako uwe wa upana wa sentimita 65 au zaidi, unaoelea nawe ukisimama. Zile mbao nyembamba za mbio zinazama chini ya mtu zikisimama, na kwenye upepo unaokwenda nje zitakutesa. Ukiweza pata pezi linalolala kwa nyuma, lisishike majani. Mwalimu amesema siku ya kwanza atapanda nawe sambamba upande wa fungu, mbio nusu, mpaka uuzoee.

MBAJUNI HALISI

Mimi ni wa Ngomeni. Nimesoma yote. Nashukuru hamjataja fungu lenyewe liko wapi hasa. Nyavu zetu ziko pale na watu wakija kwa fujo tutapata hasara.

MLETA UZI

Ndugu yangu, ahsante kwa kusema, na ndiyo maana sikulitaja wala sitaweka ramani hapa, hata mkinitumia ujumbe wa pembeni. Kabla ya safari ya pili tulikwenda kwa watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, tukakaa nao, tukakubaliana haya: tunatoa taarifa siku mbili kabla, jarife zikiwa upande ule hatupandi, hata upepo uwe mzuri namna gani, mashua na nahodha tunakodi za pale pale, na boya letu tukiondoka tunaling'oa. Siku moja mwezi uliopita tulifika na mbao zetu tukaambiwa nyavu zimetegwa tangu alfajiri. Tulikaa tukasaidia kuvuta, tukala wali na nguru, tukarudi Malindi jioni. Nguru alikuwa mtamu.

Yeyote anayetaka kuja aje kupitia kwetu au kupitia BMU moja kwa moja. Hiyo ndiyo njia.

MWANA WA SHELA

Nimetoka ufuoni sasa hivi kuangalia. Upande wa Manda kuna mchanga mpya umetoka bamvua hili, sijaupima. Kesho nakwenda na kamba.

MLETA UZI

Pima ndugu yangu, na uangalie saa fungu linapotoka na saa linapozama, uandike na tarehe ya mwezi. Dada wa Kilifi, safari yetu ijayo ni mwezi tatu, mwandamo ukionekana. Tunaondoka Malindi saa tatu asubuhi. Lete maji ya kunywa lita tano, viatu vya kutembelea majini kwa ajili ya chaza, na pondo kama unayo. Zetu ni nne tu, na uwanja lazima tuutembee upya.